Fundi wa meza ya pili

Fundi wa meza ya pili hana haraka. Mteja akimuuliza aweke mfumo gani wa Linux wa kuendeshea laptopu yake, Debian, Ubuntu au Mint, kwanza hufuta kioo kwa pindo la shati, kisha humuuliza taratibu, "Unaifanyia kazi gani?" Fundi mwenzake wa meza ya kwanza roho humuuma, maana wateja humpita kama hawamwoni. Jana aliingia mke wa huyo wa meza ya kwanza, laptopu kifuani, akampita vilevile.

"Shemeji, hizi Debian, Ubuntu na Mint si ndugu wa tumbo moja? Nichukue ipi?"

Fundi akafuta kioo, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwekea Mint.

"Mbona hukuniuliza mimi?" mume akafoka.

"Nilikuuliza," mkewe akasema. "Ukanicheka."