Bega la Nne

Siku ile tulikuwa watano: mimi, mdogo wangu Anselimi aliyekuwa mgonjwa, na majirani zetu Bitegeko, Karugaba na Kabakama. Bitegeko na Kabakama wangali hai. Kawaulize kama nasema uongo.

Wazazi wetu walikwisha kufa. Niliacha shule darasa la tatu nikalea wadogo wanne. Anselimi aliposhikwa na kichomi, tulikaa hospitali ya misheni siku tisa. Sista hakumruhusu mgonjwa hivi hivi. Ilibidi atembee mpaka kwenye tangi la maji na kurudi bila kushikwa, na awe amelala siku mbili bila homa. Anselimi alitembea. Kisha Sista akaniuliza mimi, niliyelala chini ya kitanda cha Anselimi: "Usiku homa ilikuja?"

Ilikuja. Nilimfuta jasho mpaka alfajiri. Lakini wadogo walikuwa peke yao nyumbani, na kahawa iliyoiva inadondoka shambani.

"Hapana, Sista."

Tukambeba kwa engozi, machela yetu ya kusuka. Hatujafika Nyaishozi, kijiji cha njiani, akaanza kuhema, midomo ikageuka rangi. Tukarudi mbio. Chini ya kilima cha hospitali Karugaba akakanyaga kisiki, mguu ukapasuka. Watatu tungepandaje?

"Nipeni huku." Mtu alitoka migombani, amejifunga blanketi la kijivu la hospitali. Akaweka bega. Niamini: ilikuwa saa saba mchana, sisi tunachuruzika jasho, yeye shingo kavu.

Bitegeko akamtania, "Wewe bwana, umetoroka wodini?"

"Sikutoroka. Kaka yangu alinisemea kwamba nimepona."

Langoni akashusha mti wa machela. Tulipogeuka kumshukuru, hayupo. Nilipomweleza Sista, alikaa kitako. Mtu huyo aliruhusiwa kabla hatujaja, akafia kwenye kilima kile.

"Blanketi hilo alizikwa nalo," akasema.

Anselimi alipona, ila pumzi haikurudi yote. Hata leo hawezi kupanda mpaka shambani bila kukaa njiani, nami huketi naye, nikimsikiliza anavyohema. Wewe ukiulizwa mgonjwa wako alilalaje, sema ulichokiona.

Kwetu, aliyekubebea mgonjwa humlipi. Siku yake ikifika, nawe unaweka bega. Karugaba nilimbeba mpaka kaburini. Lakini yule? Nilikwenda kwao Chonyonyo, nikaonyeshwa kaburi. Kaka yake akaniuliza nadai nini.

"Nadaiwa," nikamjibu. "Bega nimelileta, wa kubebwa hayupo."