Karatasi ya Ijumaa

Harufu ya kidonda haikumsumbua muuguzi. Alikuwa na miaka kumi na tisa kazini, na pua yake ilikwisha kuzoea kuisoma harufu kama wengine wasomavyo saa: hii ni ya jana, hii ya juzi, hii imechelewa. Kilichomtia kichefuchefu ni sauti ya kalamu. Kila Jumatatu saa mbili asubuhi daktari wa upasuaji huingia chumba cha vidonda, huegemea ukingo wa meza, na kusaini karatasi tupu thelathini, kra, kra, kra, zenye tarehe za wiki nzima. Kisha huzitumbukiza kwenye droo ya juu na kuisukuma kwa goti.

"Haya, nesi. Wiki yako hiyo."

Na kweli ilikuwa yake. Kwa utaratibu wa hospitali, muuguzi husafisha kidonda na kukifunga. Kukata nyama iliyokufa ni kazi ya daktari. Lakini hospitali hiyohiyo ilimpeleka chuoni mwaka mmoja na nusu ili ajifunze hasa kazi hiyo: kuondoa iliyokufa bila kuigusa iliyo hai, kupima kama damu inafika vidoleni, kujua kidonda kipi hakingoji na kipi kinahitaji subira. Alirudi na cheti chenye muhuri mwekundu. Utaratibu aliukuta palepale alipouacha. Basi akawa anakata yeye, anaandika yeye alichokata, na chini ya maandishi yake inakaa saini ya mtu aliyekuwa wakati huo anakunywa chai. Kwenye rejista, safu ya "aliyetibu" ilijaa jina moja tangu juu hadi chini, kurasa kwa kurasa, miezi kumi na moja.

Wenzake walimpa jina siku ya kwanza aliporudi. "Daktari Nusu kaingia!"

"Nusu ipi?" mmoja aliuliza.

"Ile ya kufanya kazi," alijibu Redio. "Ya kusaini anayo mwenyewe."

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Redio alikuwa muuguzi mdogo kuliko wote wodini, aliyepewa jina hilo kwa sababu habari humfikia yeye kabla ya kumfikia metroni. Alicheka kuliko wote, lakini naye alikuwa ameomba nafasi ya kwenda chuo kilekile, na fomu yake ilikuwa inasubiri juu ya meza ya metroni.

Nyumbani hakukuwa na kicheko. Muuguzi alipokwenda kusoma alimwachia dada yake mtoto wake wa miaka minne. Aliporudi alikuta mtoto anamwita mama mkubwa wake "mama", na yeye anamwita "mama wa simu". Jina hilo lilichukua muda kufutika, na wakati mwingine mtoto akiwa na usingizi humponyoka bado.

"Yaani umetuacha mwaka na nusu ukajifunze kukata," dada yake alimwambia siku moja wakichambua maharage, "halafu umerudi kukata kwa jina la mtu?"

"Vidonda havisomi majina, dada."

"Vidonda havisomi. Na wewe?"

Aliokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa. Alikuwa na jibu, lakini lilikuwa linanuka.

Mgonjwa aliyemfanya asiache kazi hiyo alikuwa fundi cherehani, mtu mzima mwenye kisukari na maneno mengi. Kisukari kilikuwa kimeua hisia za nyayo zake. Sindano ilivunjika kwenye mashine, nusu yake ikapotea, naye akaitafuta siku nne huku akikanyaga pedali kwa mguu uleule uliokuwa umeimeza.

"Nilimtuhumu mke wangu, sista. Nikamtuhumu mpaka mteja aliyekuja kupima suruali. Kumbe nimeihifadhi mwenyewe."

"Na mkeo umemwomba radhi?"

"Nangoja mguu upone, nimpigie magoti vizuri."

Alikuja na shimo chini ya kidole gumba lililoweza kumeza kizibo cha chupa, jeusi kingoni, manjano ndani. Kwa majuma manane muuguzi aliliinamia kila asubuhi kwa kisu na koleo. Alikuwa ananyofoa kidogokidogo, kama mtu anayefumua mshono asichane kitambaa, na fundi alikuwa wa kwanza kuusifu mkono wake. Sasa nyama changa ilikuwa inapanda kutoka chini, nyekundu kama ufizi wa mtoto. Ilibaki sehemu moja tu, kando, iliyokuwa bado inagoma.

Jumanne ile Redio aliingia chumba cha vidonda bila kubisha.

"Fundi wako kaandikwa orodha ya upasuaji ya Alhamisi. Anakatwa mguu. Juu ya kifundo."

"Nani kasema?"

"Orodha ndiyo inasema. Mimi naisoma tu."

Muuguzi alimkuta daktari kwenye korido anamenya chungwa. Akamweleza: kidonda kimepungua nusu, damu inafika mpaka vidoleni, amepima mwenyewe. Mguu ule unapona.

"Nani kasema unapona?"

"Mimi."

"Faili linasema nimeuona mimi, kila siku, majuma manane. Saini yangu ipo. Na mimi nasema ukatwe." Akatema kokwa kwenye kiganja. "Nesi, huyu wa makao makuu aliyekuja leo atafunga chumba chako mwisho wa mwezi. Kikifungwa, nani ataosha mguu ule kila siku? Mimi? Kukata ni saa moja, mambo yameisha."

Alisema bila ubaya, na hilo ndilo lililomchefua zaidi. Mtu anaweza kuutupa mguu wa mwenzake kama ganda la chungwa, na vidole vyake vikabaki vinanukia vizuri.

Wa makao makuu alikuwa mama mmoja mwenye miwani, aliyekuja kukusanya maoni ya wauguzi kuhusu mafunzo ya juu: yamesaidia nini katika kazi ya kila siku, yaendelee au yasimame. Kabla hajaanza, metroni aliwakusanya wauguzi wote chumba cha mikutano akafunga mlango.

"Mtaandika kwamba mafunzo yametusaidia sana. Changamoto, hakuna. Kama lazima uandike changamoto, andika upungufu wa vifaa. Upungufu wa vifaa unaruhusiwa."

"Na mie niliyenyimwa nafasi mara tatu?" aliuliza muuguzi wa wodi ya watoto.

"Wewe andika vifaa mara tatu."

Walicheka, kisha wakaanza kusema ya moyoni kwa sauti ya chini huku fomu zinapita. Mmoja alisema kusoma ni mapumziko ya zamu tu, mtu anarudi kanenepa. Mwingine akasema aliyesoma na asiyesoma wanafunga bandeji ileile, ila aliyesoma anaifunga kwa huzuni. Wa wodi ya watoto alisema angekwenda hata kesho, hata kwa miguu, kwa sababu amechoka kuona mtoto anabadilika rangi mbele yake na yeye hana ruhusa ya kufanya anachokijua. Hapo hakucheka mtu.

"Daktari Nusu, wewe ndiye umesoma," Redio alimnong'oneza. "Niandike nini?"

"Andika unachokiona."

"Nikiandika ninachokiona, nitakwenda chuo gani?"

Mama mwenye miwani aliwaita mmojammoja. Zamu ya muuguzi wa vidonda ilipofika, alimkuta na rejista ya chumba cha vidonda mezani, na metroni amekaa pembeni kama mzazi aliyeitwa shuleni.

"Nimepitia miezi kumi na moja, sista," mama yule alisema kwa upole. "Sijaona kazi hata moja uliyoifanya kwa mafunzo yako. Zote kafanya daktari. Kama hali ni hii, nitasema ukweli, chumba hakina sababu ya kuwepo, na nafasi mpya za masomo sitazipendekeza. Wewe una maoni gani?"

Aliitazama safu ile. Alikuwa ameiandika mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri aliosifiwa tangu darasa la tatu. Elfu moja na zaidi. Kila mstari aliukumbuka kwa mguu wake, kwa goti lake, kwa mgongo wa bibi aliyelala upande mmoja muda mrefu. Alihisi kinyaa, safari hii kwa mkono wake mwenyewe.

"Saini ni zake," alisema. "Kazi ni yangu. Yote."

Metroni alikohoa. Mama yule akavua miwani.

"Unaelewa unachosema? Hayo si maoni, sista. Hilo ni kosa. Lako na lake."

"Naelewa."

"Una ushahidi? Bila ushahidi, naandika ninachokiona hapa."

"Leo ni Jumanne. Kwenye droo yangu kuna karatasi ya Ijumaa, bado tupu, na saini ya daktari imeshakaa chini. Naileta."

Alitembea korido nzima akisikia viatu vya metroni nyuma yake. Walipofika chumba cha vidonda, fundi alikuwa amelala nyuma ya pazia akisubiri kufungwa, na daktari, sijui kaambiwa na nani, alikuwa amesimama kando ya droo.

"Mwanangu," metroni alianza. Alikuwa hajawahi kumwita hivyo. "Ukiipeleka hiyo karatasi, wewe na daktari mnasimamishwa wote, leo hii. Fikiri. Alhamisi atakuja daktari mwingine, atakuta orodha, atakata kilichoandikwa. Nani atamwambia asikate? Wewe utakuwa nyumbani."

Hilo hakuwa amelifikiri. Alisimama na mkono wake kwenye mpini wa droo.

"Na nisipoipeleka?"

Metroni akamtazama daktari. Daktari akatazama dirishani.

"Nitamtoa kwenye orodha," alisema. "Majuma matatu. Tuone."

"Haitoshi. Chumba kikifungwa nani atamsafisha?"

"Nesi, usinisukume."

"Utamsafisha wewe. Kwa mkono wako, kila asubuhi, hapa au wodini. Mimi nitasimama nyuma yako, na utakata ninapokuonyesha."

"Unanifundisha kazi?"

"Ndiyo, daktari."

Fundi akakohoa nyuma ya pazia. "Mimi nimelala usingizi," alisema. "Endeleeni tu."

Daktari alicheka, kicheko kifupi cha puani, kisha akatoa mfukoni kalamu na orodha ya Alhamisi, akafuta jina la fundi na kuandika pembeni: majuma matatu. Alichukua na karatasi zote za droo, akazikunja, akazitia mfukoni. Metroni akashusha pumzi na kumpapasa bega muuguzi, na bega lile likataka kuvuliwa na kuoshwa.

Alirudi peke yake kwa mama mwenye miwani. Redio alikuwa mlangoni anasubiri zamu yake. Mlango ulikuwa wazi, akasikia kila kitu.

"Karatasi iko wapi?"

"Sina."

"Hukuikuta, au?"

"Sina, mama."

Mama yule aliifunga rejista. Labda alielewa. Kama alielewa, alikuwa na hospitali nyingine sita za kuzungukia juma lile, na fomu yake haikuwa na nafasi ya kuandika kitu cha namna hiyo. Akavaa miwani, akaandika mistari miwili, akasoma kwa sauti: mafunzo hayajaleta mabadiliko katika kazi ya kila siku, nafasi mpya zisitishwe kwa sasa.

"Upungufu wa vifaa?" aliuliza, kalamu hewani.

"Andika unavyopenda."

Alipotoka, Redio, ambaye habari za droo zilikwisha kumfikia, alimzuia njiani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umeniuza."

"Nimeuza, ndiyo."

"Kwa mguu wa mtu hata si ndugu yako."

"Ndiyo."

"Kumbe wewe na wao mmoja," Redio alisema, akampisha, na tangu siku ile hakumwita tena Daktari Nusu wala jina lingine lolote. Ikiwa ana la kumwambia humtuma mtu.

Jioni dada yake alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: huyo fundi ana watoto? Akajibiwa watano. Dada akatikisa kichwa, akaenda kumlaza mtoto, asiseme alikuwa upande gani.

Jumatano asubuhi daktari alifika saa tatu badala ya saa mbili. Alivaa glovu kama mtu anayevaa viatu vya mwenzake. Muuguzi alifungua bandeji, akaloanisha chachi ya mwisho iliyogandia, akaitoa taratibu. Harufu ikapanda, na daktari akageuza uso.

"Inapungua," fundi alisema kwa adabu, kana kwamba anaomba radhi kwa niaba ya mguu. "Majuma manane yaliyopita ungekimbia."

Daktari alichukua kisu. Mkono wake ulikuwa mkono wa mtu wa upasuaji mkubwa, imara na wenye haraka, uliozoea kupita moja kwa moja. Muuguzi alisimama nyuma ya bega lake, mikono yake miwili ameifunga mgongoni isije ikanyooka yenyewe.

"Anza kando. Hapo penye rangi ya majivu."

Akaanza kando.

"Kidogo. Inua kwa koleo kwanza, uone inaishia wapi. Usivute."

"Najua."

"Basi usivute."

Kipande cha kwanza kilitoka, kikaanguka kwenye beseni. Cha pili kikatoka. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka daktari juu ya barakoa, naye akaongeza kasi, kama mtu anayetaka kumaliza chakula asichokipenda. Kisu kikasogea kuelekea kule kwekundu, nyama ya majuma manane.

"Acha," muuguzi alimwambia. "Hiyo iko hai."

Kisu kikasimama.