Nilivyoipaka roketi rangi ya gari na kuirusha jioni ya kutafuta mwezi, Bujumbura

Wakuu, salaam kwenu nyote mliomo humu.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kila nikiusoma naona kuna neno halijakaa sawa. Leo nauweka kama ulivyo. Yaliyomo ni kweli, na pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Kuna mwenzetu aliweka picha ya roketi ya kuunganisha aliyomnunulia mwanawe, akauliza kama enzi zetu kuna aliyewahi kurusha kitu kama hicho. Mimi niliwahi. Moja tu, na mara moja tu.

Ilikuwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nchi bado changa, na mimi nilikuwa kijana ambaye ndevu ndiyo kwanza zinaanza. Habari ya watu kukanyaga mwezi tulikuwa tumeisikia redioni. Mtaani nusu waliamini, nusu walicheka.

Baba yangu alikwishafariki, nikalelewa na mdogo wake, Baba Mdogo Hamisi. Alikuwa na karakana ya kupaka magari rangi. Yeye ndiye aliyeshika pistole, lile bomba la kupulizia rangi. Kazi yangu ilikuwa mastiki na msasa: kuziba mashimo, kusugua, kusugua tena.

Naomba niseme ukweli wangu mapema. Nilikuwa na ugonjwa wa kutomaliza.

Sikuwa mvivu. Nilikuwa nikisugua mlango wa gari mpaka unang'aa, kisha napitisha kiganja, nahisi kijinundu ambacho hakuna mtu mwingine angekihisi, naanza upya. Usiku nalala nikiwaza kijinundu. Baba Mdogo akiuliza, "Imekwisha?", jibu langu lilikuwa lile lile kila siku: "Bado kidogo."

Mtaa mzima walilijua hilo jibu. Kinyozi wa jirani alikuwa akiniona tu anasema, "Bado Kidogo huyo anapita."

Sasa, roketi.

Kulikuwa na fundi mmoja wa kizungu aliyekuwa akikaa Kiriri, kule juu kwenye majumba. Alileta gari lake lipakwe rangi kabla ya kuliuza, maana alikuwa anarudi kwao. Nikiwa nasafisha buti la gari hilo nikakuta sanduku la karatasi ngumu, halijafunguliwa. Juu yake picha ya roketi ile ya mwezini, nyeupe na nyeusi, inapanda na moto chini. Nikampelekea. Akaliangalia, akacheka, akanirudishia. "Prends, petit. Moi, je n'aurai jamais la patience."

Mtu ananiambia mimi kwamba yeye hana subira. Wakuu, nikalipokea kwa mikono miwili.

Ndani mlikuwa na bomba la karatasi, mapezi manne ya mbao nyepesi kama maganda ya muhogo mkavu, parashuti ya nailoni, na kichwa chenye umbo la chombo kile walimokaa wale watu wa mwezini, pamoja na kamnara kake juu kembamba kama njiti. Na injini moja. Nene kuliko kidole gumba, imejazwa baruti. Moja, hakuna ya pili, na Bujumbura nzima usingepata nyingine.

Sijawahi kuona kitu kilichofikiriwa vizuri kama kile. Kila kipande kilijua mahali pake. Watu waliokitengeneza walifikiria mpaka kamba ya kukizuia kichwa kisipotee kikishatoka. Nilikaa nacho kama mtu aliyeletewa mtoto mchanga.

Maelezo yalikuwa ya Kiingereza, ambacho sikukijua. Nikafuata michoro. Mmoja ulinishinda: mtu amefunga roketi kwa kamba katikati, anaizungusha juu ya kichwa chake. Nikadhani ni mchezo wa watoto wao baada ya kuirusha. Nikauruka.

Kuunganisha kulikwenda vizuri. Shida ilikuwa rangi.

Mimi nilijua njia moja tu ya kupaka rangi, nayo ni ya gari. Nikapaka mastiki kwenye mapezi kuziba nyuzi za mbao. Msasa. Rangi ya msingi. Msasa wa maji. Nyeupe. Nikaona vumbi, nikasugua, nyeupe tena. Nyeusi, kwa kuziba na gazeti ili mistari iwe mikali. Halafu vanishi. Halafu vanishi nyingine. Siku zilipita, wiki zikapita. Ilikuwa inang'aa kama gari la waziri, na mimi bado naona kasoro kwenye pezi la tatu.

Wakati huo huo mlango wa gari la mteja ulikuwa unanisubiri. Mteja akachoka, akaja, akachukua gari lake bila mlango kwisha, akaondoka kwa maneno makali mbele ya watu.

Baba Mdogo hakunipigia kelele. Aliosha mikono kwa petroli, akakaa kwenye tairi.

"Ule mlango ulikuwa mzuri," akasema. "Ulikuwa mzuri tangu Jumanne."

"Kulikuwa na—"

"Yusufu. Mwenye gari hakuja kutafuta mlango mzuri. Alikuja kutafuta gari lake." Akafuta mikono kwa kitambaa. "Ramadhani inaingia. Ile fusée yako, roketi hiyo, Ramadhani ikiisha na yenyewe iwe imekwisha. Uirushe niione. Ikiwa bado, utafute kazi nyingine, maana kazi hii itakuua na mimi itanifilisi."

Niliipenda ile kazi kuliko chochote. Sikulala.

Aliyeniokoa ni Dada Espérance. Alikuwa mkimbizi kutoka ng'ambo, Kongo, mkristo, muuza vitenge. Meza yake ilikuwa ukutani mwa karakana, na bidhaa zake alikuwa akizipitishia mpakani Gatumba. Mdomo wake ulikuwa hauna breki.

Siku moja katikati ya mfungo akachukua ile karatasi ya michoro. "We Yusufu, huyu mutu anazungusha nini?"

"Ni mchezo tu, dada."

"Apana. Wazungu hawawezi kuandika muchezo kati ya namba nane na namba kenda. Zungusha, tuone."

Nikaifunga kamba, nikatoka nayo barabarani, nikaizungusha. Kinyozi akatoka na wembe mkononi. "Mfungeni na yeye kamba," akasema, na wateja wake wakacheka.

Roketi ilizunguka kinyumenyume. Mkia mbele, kichwa nyuma. Nikaongeza mwendo, hali ile ile.

"Njo vile itaruka?" akauliza Espérance. "Itaenda juu ao itarudi kutuua sisi?"

Hapo nikaelewa. Mastiki yote ile, rangi yote ile, vanishi juu ya vanishi, zilikuwa zimelemea mapezi. Uzito wote upo nyuma. Ningeiwasha vile, ingepinduka hewani na kuingia kwenye watu. Uzuri wangu wote ndio uliokuwa umeiharibu.

Ilibidi niung'oe. Nilikaa uani na msasa, nikaanza kuondoa rangi ya mapezi mpaka mbao ikaonekana. Sioni aibu kusema machozi yalitoka. Espérance hakunicheka siku hiyo. Kesho yake alirudi kutoka Gatumba na risasi ndogo za nyavu, zile wavuvi wa ndagala, dagaa wa ziwani, wanazofunga ili wavu uzame. "Weka mu kichwa," akasema. "Kichwa yako wewe ni nyepesi, ya fusée iwe nzito."

Nikazigandisha ndani ya kichwa kwa gundi. Nikapaka mapezi rangi mkono mmoja tu, na kujizuia kule kulinichosha kuliko kubeba injini ya lori. Nikazungusha tena. Kichwa mbele, imenyooka.

Lakini sikuirusha. Leo mawingu, kesho upepo, keshokutwa nimeona kipovu cha rangi. Mpaka ikafika siku ya ishirini na tisa ya mfungo, jioni ambayo watu wa Buyenzi hushuka ufukweni kutafuta mwezi. Ukionekana, kesho Idi.

Baba Mdogo akaweka betri ya gari kwenye baiskeli. "Twende."

Msimu wa mvua ulikuwa umeanza, na mawingu yalikaa juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Watu walikuwa wengi, tende mkononi, wanasubiri jua lizame. Nikasimamisha roketi kwenye fimbo ya kuchomelea, nikaunga waya kutoka kwenye betri hadi kwenye kitufe cha honi nilichokitoa kwenye gari bovu, na mwingine hadi kwenye injini ya roketi.

Adhana ikasikika, watu wakafungua, wakaanza kuangalia magharibi. Mawingu tu. Wakaanza kunigeukia mimi.

"Upepo bado," nikasema.

Baba Mdogo akaonyesha jiko la muuza samaki. Moshi wake ulikuwa unapanda wima.

"Imekwisha?" akauliza.

Nikaliangalia pezi la tatu. Kipovu kilikuwepo. Mdomo ukafunguka kusema neno langu, nikaona uso wake. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na hofu, anaogopa nitakachojibu. Nikabonyeza kitufe bila kusema kitu.

Wakuu, sina maneno mazuri ya kueleza. Sauti kama kitenge kirefu kinachanwa, moshi ukabaki pale ilipokuwa, na yenyewe haipo. Ilikuwa juu, imenyooka, nyeupe kabisa. Ikafika mahali ikapunguza mwendo, ikawa kama inafikiri, kisha pah, kichwa kikatoka na parashuti ikafunguka.

Upepo wa jioni, ule unaotoka mjini kwenda ziwani, ndiyo kwanza ulikuwa unaanza. Ukaichukua parashuti taratibu kuelekea majini. Ufukwe mzima uliifuata kwa macho, ikishuka upande wa magharibi, chini, chini zaidi, karibu na milima.

Espérance alikuwa amekinga macho kwa mkono. "Mi naona kitu," akasema. "Pale, mu katikati ya ile mawingu. Ile si mwezi?"

Mzee mmoja akasema ushahidi wa mkristo haufungishi wala haufungulishi. Shehe wa mtaa akamwambia, "Mama atuonyeshe tu. Macho na sisi tunayo." Espérance akanyoosha kidole. Mawingu yalikuwa yameachana kidogo tu, na mwezi ulikuwa pale, mwembamba kama ukucha, juu ya milima. Waliuona wengi, mmoja baada ya mwingine, na takbira zikaanza kupokezana ufukweni.

Hakuna aliyekumbuka roketi tena. Ilikuwa imeanguka majini.

Baba Mdogo akakunja suruali, akaingia, akarudi nayo. Bomba limevimba kwa maji, kamnara kamevunjika, mapezi yamebaki matatu. Lililopotea ni lile lenye kipovu. Akapitisha kidole gumba kwenye ubavu wa roketi, kama anavyofanya kwenye gari kabla ya kumkabidhi mwenyewe.

"Rangi imeshika," akasema. Kisha akaniangalia. "Imekwisha?"

"Imekwisha."

Waliokuwa karibu wakaitikia alhamdulillahi. Walidhani tunazungumza habari ya Ramadhani.

Baada ya Idi alinipa pistole kwa mara ya kwanza.

Miaka mingi baadaye, Espérance ndiye aliyeniambia kwamba siku ile asubuhi Baba Mdogo alipita kwa mkuu wa mtaa na kwa askari wa ufukweni kueleza kuwa kijana wake atarusha kitu kitakachotoa moshi na mlio. Miaka ile hukuweza kufanya hivyo bila kutoa taarifa. Alikwenda bila kujua kama nitabonyeza. Hakuniambia mpaka anafariki. Namheshimu sana yule mtu.

Nilichojifunza ni hiki: nilidhani ninaipenda kazi, kumbe nilikuwa naogopa ionekane. Na kila tabaka la ziada nililoliongeza kwa woga lilikuwa linaizuia kupanda.

Kama na wewe una kitu umekificha chini ya kitanda kwa sababu ya pezi la tatu, kitaje hapo chini tukijue. Na wenye ujuzi wa hizi roketi, nisahihisheni nilipokosea, sitanuna.

Nimesoma tena kutoka juu. Kuna mahali pawili natamani kupapiga msasa.

Imekwisha.