Mama Mkubwa na Mayai ya Jehanamu

Rafiki yangu, wewe ambaye naweza kukwambia neno bila kulichuja kwanza, hebu sogea. Jana nilipanda basi la Coventry Road, hapa Birmingham, nikitoka shifti, na mama mmoja aliyekaa mbele yangu akafungua kibakuli cha plastiki, akatoa yai la kuchemsha, akalimenya polepole kama mtu yuko jikoni kwake. Harufu ikatembea basi zima. Vijana wa nyuma wakaanza kuzomea, mmoja akafungua dirisha na mvua ikaingia. Mimi nikafumba macho, nikajikuta Japani.

Ndiyo, Japani, usinicheke. Siku hizi kina dada wa kanisani wakitoka likizo lazima ukalishwe chini uonyeshwe picha kwenye simu, hapa tulikula, hapa tulisimama, hapa kuna mnara. Mimi nawaangalia tu. Nilitalii kabla wengi wao hawajapata pasipoti, na nakuambia kwa moyo mweupe, sikuona kitu. Yaani niliona vitu, lakini vyote pamoja havifikii sufuria ya mama yangu iliyopinda mdomo.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Winson Green, mimi na Mama, kwenye chumba kimoja karibu na ukuta wa jela, chumba chenye ukungu mweusi kwenye kona ambao Mama aliufuta kila Jumamosi na kila Jumatatu ulikuwa umerudi. Baba yangu simtaji, alishatajwa vya kutosha. Mama, jina lake Rahel, alisafisha wodi hospitalini. Dada yake, Dorka, ndiye aliyekuwa ameolewa vizuri. Mume wake alikuwa injinia, na kampuni ilikuwa imempeleka Japani, kwenye kisiwa cha kusini. Walikuwa na nyumba, gari, kamera, na hawakuwa na mtoto. Dorka akatuma tiketi. Akaandika, njooni mpumzike, tutembee kama zamani, dada na dada.

Jina la mkoa walikokaa siliandiki hapa. Litafute mwenyewe kwenye ramani, kisha jaribu kulisoma kwa sauti mbele ya mkwe wako. Wajapani hawana kosa, kwao ni jina safi kabisa. Lakini kwenye maombi ya Jumatano Mama alisimama kuomba tuombewe safari, na mama wa Kitanzania aliyekuwa akiongoza akamuuliza mnaenda wapi.

"Japani," Mama akasema.

"Japani sehemu gani, dada? Tutaje mahali, tuombe kwa usahihi."

"Kusini."

"Kusini wapi?"

"Mungu anapajua," Mama akasema, akakaa chini, uso umewaka.

Basi tukaenda. Mama Mkubwa Dorka alitupokea na manukato ambayo yalitangulia kufika kabla yake. Akanishika mashavu, akaniuliza kwa Kiswahili kama nimechoka. Nikamjibu kwa Kiingereza, kwa sababu ndivyo watoto wa Birmingham tulivyo, tunasikia kila kitu na tunajibu kizungu. Akacheka sana. "Rahel, umetuzalia mzungu! Huyu hasikii hata neno." Mama hakumsahihisha. Kuanzia hapo Mama Mkubwa akawa anasema lolote mbele yangu, kama vile niko nyuma ya kioo.

Sasa nikupe huo utalii wenyewe, usije ukasema nakudanganya.

Kwanza tulipelekwa kwenye ngome. Kubwa, nyeusi, mapaa yamekunjwa juu kama kofia. Mama Mkubwa alitusimamisha mbele yake kama vile yeye ndiye aliyeijenga. "Tazameni! Hii ni ya mashujaa wa kale." Mama akaenda taratibu, akagonga ukuta kwa kidole. Mtu aliyesafisha kuta maisha yake yote huwezi kumdanganya kuhusu ukuta. "Dada," akasema, "hii si saruji?" Baba Mkubwa, mumewe, akakohoa, akakiri kwamba mawe ya chini ni ya kale kweli, ila jengo la juu liliungua, likajengwa upya juzijuzi tu. Basi tulikuwa tumepangwa foleni juani kuona saruji. Saruji iko tele Birmingham, na hakuna anayekupiga picha nayo.

Siku nyingine ikawa bustani. Kulikuwa na kidimbwi, samaki wanene wenye sura za watu wanaosubiri kuhudumiwa, na kilima cha nyasi kama bakuli lililopinduliwa. Ati kilima hicho ni mfano wa ule mlima wao mrefu unaosifiwa. Watu wazima walikuwa wakikipiga picha. Mama, mzaliwa wa Wundanyi kule Taita, ambako ukienda tu kuchota maji umeshapanda mlima na kushuka mwingine, aliangalia lile bakuli la nyasi, akaniangalia mimi, na midomo yake ikacheza kidogo. Hiyo ndiyo picha pekee ya bustani ile niliyobaki nayo, na hakuna kamera iliyoipata.

Halafu nyama ya farasi. Mbichi! Imekatwa nyembamba, nyekundu, imepangwa kwenye sahani kama maua. Mama Mkubwa alikula akijifuta pembeni mwa mdomo, akisema Mtaita aliyetembea hachagui. Mama akaomba wali. Nami nikaomba wali.

Na kila tulipokwenda, mimi nilinunuliwa kitu. Gauni, mwanasesere, mwavuli wa karatasi, viatu vya mbao ambavyo mtu hawezi kukimbia navyo. Siku moja tulipelekwa kuona shule, ati kupita tu, na mwalimu mzungu akanionyesha darasa na kuniuliza napenda hesabu. Mimi nilifurahi, mtoto ni mtoto. Lakini Mama alianza kunyamaza. Alikuwa na msemo wake aliokuja nao kutoka kwa bibi: karamu ikizidi, kuku ajiulize.

Jambo moja lilinichanganya kichwa, na nalieleza kwa sababu mtoto wa Kiingereza asingeweza kulikosea. Yeye ana "auntie" tu. Mimi nilikuwa na mama, halafu nilikuwa na mama mkubwa. Na neno mkubwa nililijua kutoka kazini kwa Mama. Mkubwa wa kazi alikuwa mtu wa kusema, "Rahel, wodi ile irudie," na Mama anachukua ndoo anarudi. Kwa akili yangu ya miaka tisa, basi, Dorka ndiye aliyekuwa mama wa juu, na huyu wangu alikuwa chini yake. Mkubwa akiamua, mdogo anachukua ndoo.

Ndipo tukapanda feri, tukavuka ghuba, tukapanda milima kwa gari hadi mahali panaponuka. Harufu ilitupokea barabarani. Yai bovu, yai bovu kabisa, na mvuke mweupe ukitoka ardhini kama nchi nzima imewekewa moto chini. Maji yalitokota kwenye mashimo ya kijivu. Watalii walitembea juu ya mbao wakiwa wameziba pua na kufurahi.

"Panaitwaje hapa?" Mama akauliza.

Baba Mkubwa akasema kwa lugha yao panaitwa jehanamu.

Mama akasimama. "Tumepanda meli kuja jehanamu?"

"Jina tu, Rahel!" Mama Mkubwa akacheka. "Wewe nawe! Subiri uonje mayai, wanayachemshia hukuhuku kwa mvuke." Akaenda kununua mayai ya jehanamu.

Juu kidogo kulikuwa na msalaba wa jiwe. Katikati ya moshi ule, msalaba. Mama alikwenda moja kwa moja kama mtu aliyeona ndugu yake stesheni. Baba Mkubwa, mtu mpole ambaye nyumbani kwake aliongea kwa zamu, alimsomea maandishi na kumweleza mengine. Zamani Wakristo walikatazwa dini yao nchi ile. Waliletwa hapa, wakamwagiwa maji haya. Wengine waliwekewa chini picha ya Bwana Yesu, wakaambiwa wakanyage, hatua moja tu, waende nyumbani. Kuna waliokataa.

Mama Mkubwa alifika na mayai kwenye mfuko wa karatasi, akasikia mwisho. "Si wangekanyaga tu," akasema, akimenya. "Mungu anaona moyo. Kanyaga, nenda nyumbani ukatubu, ulale na watoto wako."

Mama aliweka kiganja kwenye jiwe la msalaba. Dada yake akamkaribia, akashusha sauti, lakini si kwa ajili yangu, mimi si nilikuwa mzungu.

"Rahel, hebu tumalize lile jambo letu. Huyu mtoto niachie. Shule umeiona. Nyumba umeiona. Una nini wewe cha kumpa, ukungu?"

Mama aliangalia mvuke.

"Na mimi si mgeni kwake," Mama Mkubwa akaendelea. "Mimi ni mama mkubwa. Kule kwetu ningemchukua bila hata kuuliza, na ungenishukuru. Sema ndiyo tu. Neno moja."

Rafiki, nililielewa kila neno. Mkubwa alikuwa amesema. Nilisubiri Mama achukue ndoo.

"Dada," Mama akasema hatimaye, "wale waliambiwa wakanyage picha. Mimi umeniita huku nikanyage nini?"

"Usiniletee mahubiri! Nani amekwambia ukanyage? Nakuambia upumzike."

"Nitapumzika nikifa. Mtoto narudi naye."

"Kwenye kile chumba?"

"Kwenye chumba kilekile."

Akanishika mkono. Aliuminya hadi vidole vikafa ganzi.

Hapo ndipo utajua likizo ile ilikuwa nini. Kesho yake utalii ukaisha. Kulikuwa na mlima wa volkano tuliokuwa tumeahidiwa, haukutajwa tena. Kamera ikarudi kabatini. Mama Mkubwa akapata kichwa kinauma mpaka siku ya safari, na uwanja wa ndege tulipelekwa na Baba Mkubwa, ambaye alitupa biskuti za njiani na kusema samahani mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Gauni na mwanasesere vilibaki kwenye kile chumba kizuri. Hakuna aliyenikataza kuvibeba, na hakuna aliyenikumbusha.

Kwa muda mrefu nilijisimulia kwamba mama yangu alikuwa jiwe. Jiwe limesukumwa, halikusogea, basi. Mpaka nilipozaa kifungua mimba wangu, Mama akaja kwangu Small Heath kumwogesha. Mimi elimu yangu nimeipata jioni, baada ya kazi, na nilikuwa nimeanza kufikiri mimi ni mwerevu. Nikamwambia, wewe Mama hukutikisika hata kidogo kule. Akamgeuza mtoto kwenye beseni, akamwagia maji mgongoni.

"Nilikuwa nimeshakubali," akasema. "Kwa simu, kabla hatujapanda ndege. Nilikuwa nimekuleta nikuache."

Nikakaa chini kando ya beseni, taulo mkononi.

"Nilichoka, Wakesho. Ulikuwa unakohoa kila baridi. Dada alisema ni neno moja tu. Nikafika pale, nikasikia na wale waliambiwa ni hatua moja tu. Nikajiuliza kwa nini kila jambo la kutisha huwa wanasema ni moja tu."

Hilo ndilo sikulijua nikiwa mtoto. Nilidhani hofu ilikuwa yangu peke yangu, na kwamba mkono ule ulioniminya ulikuwa wa mtu mwenye nguvu. Kumbe ulikuwa wa mtu anayeanguka, amepata pa kushika. Na nilijua pia, kwa kuchelewa, kwamba mkubwa katika mama mkubwa ni umri tu. Si cheo.

Mama aliniamuru nimwombee dada yake kila jioni, naye alimwombea hadi mwisho wake, kwa machozi, akisema utasa ni kiu ambayo mimi sijaijua. Sawa. Namwombea, kwa sababu nimeamriwa na Maandiko na mama yangu, na sivunji amri ya wawili hao. Lakini siwezi kumheshimu mtu anayekwenda kununua moyo wa mtoto kwa viatu vya mbao, halafu akisimama penye msalaba anamenya yai. Kiu haimpi mtu ruhusa ya kuhama na kisima cha jirani.

Sasa nakuomba jambo, na ndiyo maana nimekuita. Hapa mjini wapo kina mama wengi wenye ukungu ukutani, na wapo ndugu wenye nyumba nzuri wanaojua namba zao za simu. Ukimjua mmoja ambaye ghafla ametumiwa tiketi, na mwaliko mtamu, na ahadi ya kupumzika, na mtoto "aje naye tu", mpe habari hii. Msomee kama hana muda wa kusoma. Mfikishie kabla hajafunga begi, na umwambie amfikishie mwingine.