Musoki Aliyeita Malori

Kwa muda mrefu nilidhani jirani yangu Musoki ana ugonjwa wa koo. Katika kambi yetu ya waliokimbia vita, pembeni mwa Bunia, vibanda vyetu vilitenganishwa na turubai moja tu, na mimi Vahwere sioni haya kusema kwamba nasikia kila kitu: nani kagombana na mumewe, nani kaunguza maharagwe. Lakini kwa Musoki nilisikia kunong'ona tu. Alinong'ona akisali, alinong'ona akimgombeza binti yake. Na mtoto akigombezwa kwa kunong'ona anaogopa mara mbili.

Ilikuwa ile miaka ya amani ya wasiwasi. Bunduki zilikuwa zimenyamaza mjini, lakini sisi tulilala na viatu miguuni. Tuliishi kwa msaada wa unga, maharagwe na mafuta, na kila mwezi mfuko ulikuja mwepesi kuliko wa mwezi uliopita. Ndipo shirika moja likafungua ofisi ndogo mlangoni mwa kambi, kazi yake kuwasaidia wanaoishi kwa msaada wapate ajira. Tukafundishwa kuomba kazi. Mwalimu alituambia tumtazame bosi machoni tunapomjibu. Kwetu, ukimkazia mkubwa macho hivyo, anadhani unataka kupigana naye! Tulicheka mpaka somo likaharibika.

Aliyeiokoa ofisi ile ni Angélique, binti wa papa hapa Bunia, ambaye huvaa buti za mvua hata jua likiwaka. Alikuwa amechoka kusikia jibu moja. Kila aliyeulizwa anajua kazi gani alijibu "kulima," na mjini mashamba yako wapi? Basi akaacha meza yake, akaanza kupita kibanda kwa kibanda na swali jingine.

"Mama, kule kwenu, watu walikuwa wanakuitaga juu ya nini?"

Swali hilo lilifungua watu vinywa. Mimi kule Kpandroma niliitwa kila penye msiba, kuwapikia waombolezaji. Angélique akanitafutia kazi katika jiko la shule ya bweni. Jirani wa nyuma yetu alikuwa akiitwa kutuliza ng'ombe wakali; leo yuko machinjioni. Zamu ya Musoki ilipofika, nilisogea kwenye turubai nisikie vizuri.

"Juu ya camion," alinong'ona.

Akaeleza. Kule Bule, lori la kutoka Bunia halikuwa na siku maalumu, kwa sababu ya barabara mbaya. Wakulima walikuwa mbali vilimani na viazi vyao na kabichi zao. Musoki, mke wa mchuuzi wa viazi aitwaye Katsuva, alipanda kilima kilicho juu ya soko na kuita kwamba lori limefika. Watu walisikia, wakabeba magunia, wakashuka.

"Sauti ilikuwa inafika wapi?" Angélique aliuliza.

"Fasi yote."

Kila mahali, ati! Nilicheka kwa sauti, Mungu anisamehe. Mtu huyu hakuweza kuita hata kuku.

Wakati huo kampuni moja ya barabara ilianza kupasua mawe kwa baruti ng'ambo ya bonde letu. Siku ya mlipuko wa kwanza kambi nzima ilitimua mbio. Sufuria zilipinduka, wazee wakaachwa, na mama mmoja alifika mbali kabla ya kugundua kwamba amebeba mto badala ya mtoto. Kampuni ikaleta king'ora cha kutuonya; tukakimbia mapema zaidi. Wakabandika karatasi, lakini nani anasoma karatasi huku akisonga fufu? Mwishowe Guelord, mkuu wa machimbo yale, akasema watu wakikimbia tena, wengine mpaka chini ya mawe yake, atahamia kilima kingine mbali. Maana yake, wale wenzetu ambao ofisi iliwapatia kazi ya kuponda mawe wangerudi kungojea mfuko wa msaada.

"Patron, ngoja kwanza," Angélique akamwambia. "Niko na mutu mwenye wataamini."

Lakini Musoki alikataa. Alitikisa kichwa, akaendelea kuchagua maharagwe. Jioni, tukiwa sisi watatu kwenye moto wangu, akatuambia sababu.

Asubuhi ile Bule iliposhambuliwa, yeye ndiye aliyewaona washambuliaji kwanza, akiwa juu ya kilima chake cha malori. Aliita watu wakimbie. Wengi walipona kwa sauti ile. Lakini mumewe alikuwa shambani, upande wa pili wa bonde, na kulikuwa na upepo.

"Katsuva alisikia sauti, hakusikia maneno," alisema. "Akafikiri ni camion. Akabeba gunia yake ya viazi, akashuka ku barabara. Walimukuta na gunia ku mabega."

Tangu hapo hakupaza sauti tena. Nilichochea moto uliokuwa ukiwaka vizuri tu. Angélique naye hakumsukuma.

"Hakuna mutu anakulazimisha, mama," alisema. "Lakini wale watu wanakimbia bure."

Sijui Musoki aliwaza nini usiku kucha. Asubuhi alikuja kuniomba kitambaa changu chekundu. Guelord alitaka ishara: kitambaa kikiinuliwa, vijana wake wanawasha utambi, halafu Musoki aite watu watulie mpaka mawe yapasuke. Guelord alipomsikia akinong'ona salamu, alimtazama Angélique kana kwamba ameletewa mbuzi mgonjwa. Ila hakuwa na mwingine.

Musoki akapanda kile kilima kidogo kilicho kati ya machimbo na kambi. Akainua kitambaa. Akavuta pumzi, akaita.

Jamani! Nimezaliwa milimani, nimesikia waitaji, lakini ile sijapata kuisikia. Haikuwa kelele. Ilikuwa sauti moja ndefu iliyotembea juu ya mabati ya Bunia, ikavuka bonde, ikagonga mlima wa mawe na kurudi. Waendesha pikipiki kule barabarani walisimama. Mwiko ulinitoka mkononi. Niliona aibu kwa kicheko changu.

"Ni majiwe tu! Siye wote tuikale! Hakuna kukimbia!"

Sisi wa Kpandroma tulikaa. Lakini watu wa Bule walikuwa hawajaisikia sauti ile tangu asubuhi yao mbaya, na mara ya mwisho iliwaambia wakimbie. Walirukia watoto wao na mafurushi. Na katikati yao akatoka mzee Néhémie, ambaye akili yake ilikwisha rudi zamani; kila siku aliniuliza bei ya viazi sokoni Bule. Alikuwa amebeba gunia la unga wa msaada begani. Uso wake ulijaa furaha. Alikuwa anashuka bondeni, moja kwa moja kuelekea chini ya machimbo, kuliwahi lori.

Utambi ulikuwa tayari unawaka.

Musoki alimwona. Nilimwona akimwona. Kitambaa kilimdondoka, na nilidhani sauti nayo itamfia pale pale. Safari hii hakubaki juu ya kilima. Alishuka mbio huku akiita, ili upepo usipate nafasi ya kumnyang'anya maneno.

"Muzee Néhémie! Hakuna camion! Ikala chini! Ikala chini, muzee!"

Mzee akasimama, akageuza kichwa huku na huku. Basi Musoki akajitupa kwenye majani mbele ya macho yetu sote, akanyoosha miguu kama mama anayepukuchua mahindi uani kwake.

"Mimi Musoki, nimeikala! Muniangalie, nimeikala!"

Mzee Néhémie alimtazama. Akashusha gunia taratibu, akalikalia. Watu wa Bule waliwaona wawili wale wameketi bondeni, peke yao. Mmoja akaweka furushi chini, akaketi. Kisha mwingine. Kisha wote, njia nzima ikawa ya watu walioketi.

Mlima ukapasuka. Ardhi ilitetemeka, mawe yakaporomoka na kulala bondeni mbele ya mzee, vumbi likatufunika. Hakuna aliyeinuka. Mtoto mmoja alilia, akanyamazishwa kwa ziwa. Sufuria yangu ilikuwa bado motoni, imesimama, na nilijikuta nalia kwa kuiona imesimama.

Nilipofika bondeni, Musoki alikuwa amepiga magoti mbele ya gunia, ameshika mikono ya mzee.

"Ulinisikia, muzee? Ulisikia maneno?"

"Nilikusikia," mzee akamjibu, kwa ukali kidogo. "Si weye umesema niikale? Sasa ile camion iko wapi?"

Musoki alicheka, akalia, vyote kwa sauti kubwa, na kambi nzima ikamsikia.

Kazi aliipata. Msaada haupokei tena, na mimi usingizi wangu wa asubuhi umekwisha, maana sasa akitafuta chumvi tunajua wote. Lakini utaratibu wa Guelord aliukataa. Siku ya baruti hupanda kilima, kitambaa akiwa amekifunga kiunoni, na kabla ya kukigusa huita jina moja: "Muzee Néhémie!" Halafu hungoja. Mzee pengine yuko chooni, pengine kasinzia. Guelord hutazama saa na kuguna. Kampuni nzima, na baruti zake na mashine zake, inangoja mzee mmoja aitike.