Koti la Baba Mkwe

Chekeni tu, mimi nimeshalia. Nilipoolewa Nkunga nilikwenda na mbwa wangu, Dola, na anayemgusa Dola amenigusa mimi. Tatizo, ukweni palikuwa na mbwa mwenyeji, Jeshi, dume la baba mkwe. Siku ya kwanza tu wakararuana.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, "wakipigana tena, huyo wako anarudi kwenu Kawetele."

"Basi tutarudi wote, mama!"

Hasira zilipopoa nikatumia akili. Jeshi alimpenda baba mkwe mpaka harufu yake. Mimi na mzee, kwa desturi yetu Wanyakyusa, hatutazamani wala hatusemeshani, kwa hiyo nilisubiri atoke, nikachukua koti lake la mtumba msumarini, nikamvalisha Dola. Jeshi akanusa, akatikisa mkia, wakalala pamoja kama mapacha. Nikajiona bwana mifugo kabisa!

Nikaenda zangu kuchuma chai. Narudi, Dola hayupo. Natupa macho migombani, naliona lile koti limeinama chini, linafukua magimbi ya watu. Damu ikanichemka. Nikakamata kola, nikavuta kwa nguvu zote.

"Toka huko, mbwa wee! Unataka turudishwe kwetu?"

Koti likageuka. Ndani yake alikuwa baba mkwe, na gimbi mkononi. Pembeni Dola, keshavuliwa koti, na Jeshi wamelala, wananitazama.

Nikainamisha uso, kola bado nimeishika. Mzee akageuza uso haraka kwa mbwa wake.

"Jeshi, mwambie mkwe wangu aachie kola. Mimi siumi."