Miguu ya Lameki

Kule vilimani Dedza, nchini Malawi, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia nyasini ili mwenzake apite. Kwa hiyo nesi alipomteua Naphiri amsimamie mkwewe Bizeki kumeza dawa za kifua kikuu, waliokaa kwenye benchi la zahanati waliinamisha vichwa wakichekea mikononi.

"Mkewe anashinda sokoni na viazi," nesi alisema. "Nataka mtu wa nyumbani. Heshima zenu wekeni kando mpaka apone."

Heshima haikuwekwa kando. Kila asubuhi Naphiri alileta uji, akaketi kizingitini akimpa mkwewe mgongo.

"Baba Tadala, tayari?"

"Tayari, Mama," Bizeki alijibu, vidonge vikiwa chini ya ulimi. Mama mkwe akishaondoka, alivitema na kuvifukia nyuma ya choo.

Si kwamba hakutaka kupona. Alikuwa mtu wa kupandisha abiria mlimani kwa baiskeli bila kunyanyuka kwenye tandiko. Sasa hata ndoo ya maji ilimshinda. Ila kidonge kilipogusa ulimi tu, viganja vyake vilianza kupigwa.

Ilikuwa miguu ya Lameki, mdogo wake. Zamani, Lameki alipopata homa, baba yao alimlaza mkekani, akamziba pua, akamsukumia kidonge kichungu kooni. Bizeki, naye mtoto bado, alipewa kazi ya kushika miguu. "Kaza!" baba alisema. Akakaza. Visigino vikampiga viganjani kwa nguvu, kisha polepole, kisha vikaacha. Baba aliendelea kusema, "Meza, mwanangu, meza," lakini Bizeki alikwisha jua, kwa mikono yake, kabla ya mtu mwingine yeyote. Hakuna aliyemlaumu. Wala hakuna aliyemtaja tena Lameki nyumbani mle, na pengine ndiyo maana Lameki hakuondoka.

Aliyegundua hila ya vidonge ni Esinati, mkewe.

"Nesi alisema mkojo utakuwa mwekundu kama chai ya rangi. Wako mbona mweupe? Unamdanganya nani, wewe?"

"Kila mwili na mambo yake."

"Mwili gani? Nitamwambia Mama."

"Utamweleza mama yako habari za mkojo wangu?"

"Nitamweleza, tena kwa sauti!"

Siku chache baadaye Bizeki alikohoa damu, shuka zima likalowa. Asubuhi hiyo Naphiri hakuketi kizingitini. Aliingia ndani pamoja na Esinati, akavuta kigoda, akamkabili mkwewe. Bizeki akajifunika blanketi hadi machoni.

"Nilikuoza mwanangu awe mke, si mjane. Ondoa hilo blanketi. Fungua mdomo."

"Mama, ni aibu."

"Aibu ni kumzika mkwe aliyekufa na dawa mdomoni. Unaogopa nini, mwanaume mzima?"

Akiutazama ukuta, Bizeki alimsimulia mambo ambayo hata Esinati hakuwahi kuyasikia. Naphiri hakumpa pole.

"Anakupiga sasa hivi?"

"Sasa hivi, Mama."

"Basi lete mikono."

Akavichukua viganja vyake, akavibana ndani ya vyake, jambo ambalo mama mkwe yeyote wa kijiji kile angelionea haya. "Akitaka kupiga, anipige mimi. Esinati, mtilie kimoja mdomoni. Meza."

Vidonge vilishuka kimoja kimoja, uji ukapoa ukaota utando. Miguu haikuacha kupiga. Alimeza hivyohivyo, ikipiga. Mkojo ulipobadilika rangi, Esinati alipiga vigelegele nje ya choo mpaka majirani wakachungulia.

Lakini majuma yale ya kutema hayakupita bure. Binti yao Tadala aliacha kucheza, akakonda, akaanza kukohoa. Nesi hakumficha baba mtu. "Amevuta hewa yako. Atatibiwa, atapona. Nani atampa dawa?"

"Mimi," alisema Naphiri upesi.

"Hapana, Mama," alisema Bizeki. "Nitampa mimi."

Vidonge vya watoto huyeyuka majini. Nesi alilirudia hilo mara nyingi, na Bizeki aliitikia, lakini asubuhi ilipofika aliendelea kukoroga hata baada ya kidonge kuyeyuka chote. Tadala alikaa mapajani mwa mama yake.

"Usimshike miguu," Bizeki alisema. "Mwachie kabisa."

Mtoto alifungua mdomo mwenyewe. Bizeki aliinama karibu na koo lake, akasikiliza.

"Tamu, Baba," Tadala alisema. "Niongeze."

Wote wakacheka, naye Bizeki akacheka. Kisha akatoka nje, akashika ukuta, akatapika uji wote. Esinati alipomuuliza, alisema ulikuwa wa moto mno.

Baba na mtoto walipona. Miezi yote ile ni Bizeki aliyeshika kijiko, na hakuna asubuhi hata moja aliyokizoea.